Mikono ya Msichana wa Kazi

Mtu mmoja wa Mandera aliuliza chini ya video, "Mikono hiyo ni ya nani?" Mohamedamin akamjibu, "Ya msichana wangu wa kazi tu."

Bilan aliyasoma maneno hayo akiwa amechuchumaa uani kwa Habaryar Saynab, dada ya mama yake, mtaa wa Bulla Iftin mjini Garissa. Akayasoma tena. Kisha akaicheza video tangu mwanzo. Sufuria ilikuwa yake. Jiko lilikuwa lake. Mikono iliyozamisha vipande vya plastiki nyeupe ndani ya maji ya rangi na kuvitoa vikiwa vya machungwa kama kiini cha yai la kienyeji ilikuwa yake, pamoja na hina iliyoanza kufifia kwenye kucha na kovu la moto chini ya kidole gumba. Sauti tu ndiyo haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya Mohamedamin, ikieleza taratibu jinsi yeye alivyoumiza kichwa mpaka akagundua namna ya kuipa plastiki rangi isiyobanduka.

Video hiyo Mohamedamin alikuwa ameirekodi mwaka mmoja na nusu nyuma, Bilan akiwa bado mke wake.

"Kuna nini?" Habaryar Saynab aliuliza kutoka jikoni. "Mbona umenyamaza?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu, na rangi inachemka mpaka inamwagika?"

Bilan aliiepua sufuria. Kilichokuwemo ni shuka la mteja, nalo lilikuwa limeharibika.

Ufundi wa rangi Bilan alifundishwa na habaryar wake huyo huko Dagahaley, kambi ya wakimbizi, walikoishi miaka kumi na mmoja. Walikuwa wakitia rangi mashuka, shela na nyuzi za kusukia mikeka, na Bilan alijua uzi kwa kuugusa tu: huu wa pamba unataka chumvi, huu wa nailoni unataka siki, huu mwingine hautaki chochote, hata uuchemshe mwezi mzima. Alipoolewa na Mohamedamin, muuzaji wa vifaa vya simu, alimkuta na ugonjwa wake: vigari vya kuendesha kwa rimoti. Si vile vya watoto. Hivi vilikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, vinaruka matuta, vinatimua vumbi kama lori la mchanga, na kila kipande chake huuzwa peke yake. Mohamedamin na wenzake walivinunua Eastleigh na kushindana kila Ijumaa baada ya Alasiri, kwenye kiwanja cha vumbi nje ya mji.

Tatizo lao lilikuwa rangi. Kila mtu alitaka gari lake litambulike kwa mbali, lakini rangi ya kupuliza ilikuwa inabanduka siku ya kwanza tu, kokoto zikishaipiga. Siku moja Bilan alishika kipande cheupe mezani, kile kinachobeba gurudumu, ambacho wao hukiita mkono wa gari. Akapitisha kidole juu yake.

"Hii si ni nailoni?"

"Ni plastiki," Mohamedamin alisema bila kuinua macho.

"Nakuuliza plastiki gani. Kama ni nailoni, itakunywa rangi."

Alicheka. Bilan akakiosha kipande kwa sabuni kuondoa mafuta, akapasha maji mpaka vipovu vidogo vikaanza kujitokeza chini ya sufuria, kabla hayajachemka, akatia unga wa rangi na siki, akakizamisha. Baada ya robo saa akakitoa na kukitumbukiza kwenye maji baridi. Mohamedamin alikikwaruza kwa kisu. Chini ya mkwaruzo palikuwa na rangi ile ile ya machungwa.

Hakucheka tena. Mwezi haukuisha, vijana wa Garissa nzima walikuwa wanaleta vipande vyao, halafu wa Wajir, halafu wa mbali zaidi. Bilan alijifunza mengine kwa kuharibu. Maji yakichemka sana, vipande vinapinda. Vipande vyeusi havikubali rangi. Na siku alipojaribu kufuta rangi iliyokosewa kwa dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, aligundua kwamba nailoni hubaki ikipendeza machoni, lakini baada ya siku chache huvunjika kama biskuti. Hilo alimwambia mumewe, naye akaitikia "ndiyo, ndiyo," akiwa anaandika kitu kwenye simu.

Wateja walipokuja, Mohamedamin ndiye aliyewapokea barazani. Bilan alikuwa uani na moshi. Akasikia watu wakisema "rangi ya Mohamedamin," akadhani ni kwa sababu nyumba ni ya Mohamedamin. Halafu mume akahamishia biashara Wajir, akasema atamwita akishapata nyumba. Aliondoka na daftari ambamo Bilan aliandika vipimo vya rangi. Baada ya miezi mitatu, badala ya kumwita, alimtumia talaka kwa ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na nne.

Yote hayo Bilan aliyameza. Talaka ni jambo la Mungu, alijiambia, na wanawake wengi wameipata na bado wanakula na kucheka. Alirudi kwa habaryar wake, akawasha jiko lake mwenyewe. Mtu aliyemletea kazi alikuwa Jelle, fundi wa simu mwenye kibanda karibu na stendi, mtu mzima mwenye watoto wanne na ndiye aliyepanga mashindano yote. Jelle alimwamini, na wengine walimwamini kwa sababu ya Jelle.

Lakini msichana wa kazi. Neno hilo halikumezeka. Lilimkaa kooni akila, likamkaa akiswali, mpaka akawa anakosea rakaa.

*

Wiki mbili baadaye, siku chache kabla ya Idi, Jelle alikuja na mfuko wa karatasi.

"Abaayo, dada yangu, kuna kazi ya mteja wa Wajir. Mikono yote minne, na bampa. Anataka machungwa, ile yako ya yai. Mashindano ni Ijumaa baada ya Idi, wa Wajir wanashuka huku."

Bilan alimwaga vipande mkekani. Vyote vilikuwa vyeupe, vipya, na kila kimoja kimebandikwa kijitepu chenye maandishi: mbele kushoto, mbele kulia. Herufi zililala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Alikuwa ameziona herufi hizo kwenye orodha za sokoni kwa miaka mitatu.

"Mteja huyu anaitwa nani?"

Jelle alijikuna shingo. "Mteja tu."

"Walaal, ndugu yangu, niangalie."

"Aliniambia nisiseme," Jelle alikiri. "Amejaribu mwenyewe, inatoka kahawia kama maji ya mto. Anasema daftari analo lakini vipimo havimkubali."

Bilan alitaka kucheka. Vipimo vya daftari vilikuwa "kifuniko kimoja na nusu", "vifuniko viwili". Kifuniko chenyewe kilikuwa cha chupa ya chai ambayo Habaryar Saynab alimpa alipoolewa; alirudi nayo, nayo ilikuwa pale pale dirishani.

"Nirudishe?" Jelle aliuliza. "Ukisema nirudishe, narudisha."

Bilan alivikusanya vipande kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko. "Acha. Kazi ni kazi. Njoo baada ya siku nne."

Jelle alipoondoka, alikwenda dukani akanunua chupa mbili za dawa ya klorini.

Alivilaza vipande vile ndani ya ndoo siku tatu, mchana juani, akiigeuza ndoo jua linapogeuka. Hakuwa na haraka. Kila alipopita karibu aliinua kifuniko na kuvitazama, jinsi mpishi anavyotazama mchuzi wa harusi. Akilini alimwona Mohamedamin kiwanjani mbele ya watu, rimoti mkononi, na gari limelala mchangani. Alimwona akitafuta pa kuficha uso. Picha hiyo ilimpa usingizi mtamu kuliko wote alioupata tangu talaka.

Habaryar Saynab alikuwa na pua.

"Ndoo hiyo ina nini?"

"Vipande vya gari."

"Vipande vya gari vya nani vinavyooshwa kama choo cha hospitali?"

Bilan akamwambia. Mama yule, ambaye alikuwa na miaka sitini na mitatu na ulimi wa ishirini, alisimama akishika kiuno. Bilan alingoja aambiwe amche Mungu.

"Ningekuwa mimi," Habaryar Saynab alisema mwishowe, "ningemtia yeye mwenyewe ndani ya ndoo." Akaingia ndani. Kisha akatoa kichwa dirishani. "Na Jelle anajua?"

"Hajui."

"Mh," akasema mama, akarudisha kichwa ndani.

Siku ya nne Bilan alivisuuza vipande kwa maji mengi, kwa kuwa dawa ile ikikutana na siki hutoa hewa inayochoma kifua. Kisha akavitia rangi. Hakuwahi kutia rangi nzuri kama ile. Ilishika kila kona sawasawa, ikang'aa bila doa. Jelle alipokuja kuvichukua alipiga mluzi.

"Wallahi, abaayo, hii hata sijawahi kuiona. Wewe una moyo. Mwingine angemharibia."

Bilan alimfungia mfuko, akaufunga kwa uzi, na hakumtazama usoni.

*

Ijumaa ile kiwanja kilijaa. Watu wa Wajir walikuja na pikapu mbili, wakiongozwa na mtu mmoja wa makamo, Diriye, mfanyabiashara wa ngamia aliyependa vigari hivi kuliko ngamia wake. Wanawake walikaa upande wa kivuli cha pikapu na chupa za chai. Bilan aliketi mbele kabisa, na Habaryar Saynab ubavuni mwake.

Mohamedamin alikuwa amenenepa. Alivaa shati jipya na miwani, akalibeba gari lake kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto wa kupewa jina. Rangi ile ya machungwa ilionekana kutoka ng'ambo ya kiwanja. Watu walimzunguka na simu zao.

"Mwenyewe tena?" mmoja aliuliza.

"Mwenyewe," Mohamedamin alijibu. "Usiku na mchana. Hii siri nitazikwa nayo."

Alimwona Bilan. Macho yao yalikutana muda wa kupepesa jicho, naye akaangalia pembeni kama mtu aliyeona ukuta.

Raundi ya kwanza gari lake lilishinda. Bilan aliuma meno. Raundi ya pili lilishinda tena. Liliruka tuta, likatua, likayumba, likaendelea. Bilan alianza kuhesabu siku upya. Labda siku tatu zilikuwa chache. Labda angemshindia kwa rangi yake, ashangiliwe kwa mikono yake, halafu arudi Wajir akirekodi video nyingine.

Raundi ya mwisho walibaki watatu. Vigari viliondoka kwa mlio kama nyuki waliochokozwa. La machungwa liliongoza, likapanda tuta kubwa, likakaa hewani muda mrefu mpaka watu wakasema "Aaa!", kisha likatua kwa gurudumu la mbele kushoto.

Mkono wa kwanza ulikatika kwa mlio mdogo mkavu. Wa pili ukafuata. Gari likabingirika mara nne, likasimama kifudifudi, gurudumu moja likaendelea peke yake hadi miguuni mwa wanawake.

Watu walicheka, wakapiga kelele. Bilan alishika ushungi wake, akangoja. Huu ndio wakati alioungojea.

Mohamedamin alitembea taratibu hadi kwenye gari lake, akaliokota, akatingisha kichwa. Halafu akacheka pia.

"Plastiki ya siku hizi!" alisema kwa sauti. "Rangi haina kosa, angalieni, hata haijakwaruzika. Kiwanda ndicho kimetuuzia uchafu."

"Pole, ndugu yangu," mmoja akasema.

"Nina mikono ya akiba, nitakupa," mwingine akadakia.

Wakamzunguka, wakampiga bega. Kwa dakika moja alikuwa kipenzi cha kiwanja kuliko hata mshindi.

Bilan alihisi kama mtu aliyetia mkono gunia la sukari akakuta mchanga. Siku zote zile za ndoo na jua, na hivi ndivyo ilivyokwisha: Mohamedamin akifarijiwa. Hakujua kwamba ameadhibiwa. Kwake yeye ilikuwa bahati mbaya tu, na bahati mbaya humpata kila mtu. Nyamaza, Bilan alijiambia, ukisema umejiharibia. Nani ataleta kazi yake kwa mwanamke anayetia sumu? Alijua jibu. Alilijua vizuri kabisa, na bado magoti yake yaliinuka.

"Kaa chini," Habaryar Saynab alinong'ona, akamshika nguo. Kisha akaiachia.

Bilan aliokota kipande cha mkono kilichobaki kwenye gurudumu lile miguuni mwao, akavuka kiwanja. Vicheko vilipungua, kwa kuwa hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kukanyaga njia ile ya magari.

"Si kiwanda," alisema.

Mohamedamin aliivua miwani. "Unataka nini hapa?"

"Nimekuja kuwaambia ukweli, usimsingizie mtu wa kiwanda ambaye hakujui." Akakiinua kipande juu, akakibana kwa vidole viwili. Kikavunjika tena, *tak*, mbele ya watu. "Nailoni nzima haivunjiki hivi, inapinda. Hii niliilaza kwenye klorini siku tatu kabla ya kuitia rangi. Nilikusudia ivunjike, na nilikusudia ivunjike hapa."

Bilan alimwona Jelle upande wa kulia, mdomo wazi, na akaondoa macho.

"Na kama mnauliza mikono kwenye video ni ya nani," akaendelea, "ni hii." Akainyoosha yote miwili. Rangi ya machungwa ilikuwa bado imo kwenye mistari ya viganja. "Nilikuwa mke wake miaka mitatu. Sikuwa msichana wake wa kazi."

Uso wa Mohamedamin ulibadilika mara mbili. Kisha akawageukia watu, akinyoosha kidole.

"Mmesikia? Mmemsikia kwa masikio yenu? Mwanamke huyu ameharibu mali ya mteja! Mimi ni mteja wake, nimempa kazi kwa uaminifu, na ona alichonifanyia! Nani atampa kazi tena?"

Watu walianza kunung'unika, na manung'uniko hayakuwa upande wa Bilan. Lakini Diriye, yule mfanyabiashara wa ngamia, alikuwa amesimama na mkono kidevuni.

"Mteja?" aliuliza polepole.

"Ndiyo, mteja!"

"Mteja wa nini?"

Mohamedamin aliligeuza gari mikononi.

"Sasa hivi ulituambia rangi umetia mwenyewe, usiku na mchana," Diriye alisema. "Na mimi ulinitoza ada ya kunifundisha. Sasa mteja wa nini, Mohamedamin?"

Alianza kucheka mmoja, kule nyuma kwenye pikapu. Halafu wa pili. Hiki hakikuwa kicheko kile cha gari kubingirika. Mohamedamin alivaa miwani, akaivua, akasema jambo kuhusu dharura na kukosa nafasi wiki ile, na hakuna aliyemsikiliza. Kila alikogeuka alikuta mtu anamwambia, "Karibu, mteja." Aliondoka kabla ya Magharibi, na katika pikapu aliyopanda walimwita Mteja njia nzima mpaka Wajir. Jina hilo anaitwa mpaka leo.

Bilan aliuona uso ule ukitafuta pa kujificha. Aliutazama wote, bila kupepesa, na ulikuwa mtamu kama alivyotarajia.

*

Asubuhi yake Jelle alikuja, akakataa kuketi.

"Mimi ndiye niliyeleta mfuko ule," alisema. "Mimi ndiye niliyekusifu moyo. Ulinisikia ukaniacha niubebe."

"Walaal, nisamehe. Wewe sikukukusudia."

"Lakini ulinitumia." Akageuka. "Alikutumia yeye, na wewe ukanitumia mimi. Sijui mnapishana wapi."

Juu ya Mohamedamin hakuwa na hata punje ya majuto, na alijipima mara nyingi kuona kama ingechipuka. Maneno ya Jelle ndiyo yaliyomkata.

Kazi ilikauka, kama alivyojua itakauka. Miezi mitatu hakuna aliyeleta hata kipande kimoja cha gari. Alirudi kwenye mashuka na shela. Habaryar Saynab hakumlaumu, ila jioni moja, akimimina chai, alisema:

"Plastiki yake mrudishie."

"Nani? Yule?"

"Aibu uliyomtia ni halali yake, aliitafuta. Lakini plastiki ilikuwa mali yake. Sitaki siku ya Kiyama usimamishwe jua kali kwa sababu ya magurudumu ya kuchezea."

Bilan alikasirika siku mbili. Siku ya tatu aliagiza kutoka Nairobi mikono minne na bampa, vya aina ile ile, akavifunga na kumtumia kwa basi la Wajir. Alivituma vilivyo, vyeupe pepepe. Hakuandika neno lolote ndani. Baadaye alisikia kwamba Mohamedamin anaendesha gari jeupe, na kwamba video ameifuta.

Jelle alirudi mwezi wa nne, Jumapili asubuhi. Alikuwa na mikono ya gari lake mwenyewe kwenye mfuko wa nailoni. Alisalimia, Bilan akaitikia.

"Nataka kijani," Jelle alisema. "Ya jani la mkwaju."

"Utakuja kuchukua kesho?"

"La." Alivuta kigoda, akakiweka mbele ya jiko, karibu kabisa na sufuria, akaketi na kukunja mikono kifuani. "Nitakaa hapa hapa mpaka umalize."

Bilan aliona aibu ikimpanda shingoni. Hata hivyo alichota maji, akawasha mkaa, akampa Jelle chupa ya siki aifungue yeye mwenyewe na kunusa kama ni siki kweli.